Dawa, Pamba na Wiki Sita

Baba mkubwa alikuwa na ngiri. Alikaa nayo miaka sita, au saba, inategemea unamuuliza yeye au unamuuliza mama mkubwa. Aliifunga kwa kipande cha kanga, akakaza mkanda juu yake, akaingia shambani. Jioni akirudi analala chali kwanza, anairudisha ndani kwa kiganja taratibu, ndipo anaomba maji ya kunywa. Mimi nilikuwa nakwenda Malampaka kila likizo, kwanza nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, baadaye nikiwa mwandishi wa habari mwenye mshahara wake mdogo, na kila nikienda nilimpa hotuba ileile. Baba, hii ni operesheni ndogo tu, watu wanafanyiwa kila siku, unasubiri nini? Alinisikiliza kwa utulivu kabisa. Kisha akauliza, "Wakishanipasua, wanasema nikae muda gani bila kubeba kitu kizito?"

Kama wiki sita, nikamjibu.

"Wiki sita za mwezi gani, ng'wanawane?"

Nilidhani ananitania. Nikamwandika moyoni: mbishi.

Swali lile limenirudia hivi karibuni nikiwa nasoma upya vitabu viwili ambavyo wengi wetu tulivisoma shuleni au chuoni kwa haraka haraka ili tufaulu mtihani. Kimoja ni tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969. Kingine ni riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, iliyochapishwa 1980. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuviweka pamoja. Kimoja kinasomwa kama historia ya vita, kingine kama ghala la mila za Wakerewe. Ila mimi safari hii nimevisoma vyote viwili kama vitabu vya watu wanaotafuta dawa, na nimegundua kwamba vinajibu swali la baba mkubwa kuliko hotuba zangu zote.

Nianze na aina ya fasihi ambayo hailijibu, kwa sababu hiyo ndiyo iliyo nyingi na hiyo ndiyo iliyonilea.

Kila aliyekulia na redio Tanzania hii anaijua. Ni igizo la elimu ya afya. Kuna mzee mkaidi. Kuna mke anayelia. Kuna mganga wa kienyeji mwenye sauti nzito na kicheko kirefu, na kuna nesi au mwalimu anayezungumza Kiswahili sanifu bila hata kukohoa. Mzee anakwenda kwa mganga, hali inakuwa mbaya, anapelekwa hospitali dakika ya mwisho, nesi anasema angechelewa kidogo tu tungempoteza, mzee anajuta, ngoma inapigwa, mwisho. Shuleni tuliigiza hayohayo siku ya kufunga muhula, na mimi niliwahi kuwa mganga, nimejipaka majivu usoni, watu wakacheka mpaka machozi. Nilipoanza kazi ya uandishi niliendelea kuliandika igizo lilelile, safari hii likiwa na kichwa cha habari. Imani potofu zachangia vifo. Elimu duni yakwamisha wagonjwa. Nimeandika habari za namna hiyo zaidi ya moja, na katika zote sikumuuliza mtu hata mmoja ana ng'ombe wangapi, analima ekari ngapi, au nani anabaki kulinda nyumba yeye akilazwa.

Kosa la igizo lile, kwa maoni yangu, halipo kwenye ujumbe wake. Hospitali ni bora kuliko majivu, hilo sibishani nalo. Kosa lake ni la kisanaa kabla halijawa la kitu kingine: mzee wake hana kazi. Mtazame vizuri. Anakaa kigodani tangu onyesho la kwanza mpaka la mwisho akiwa na muda wa kukataa. Hatokei shambani, harudi shambani, hakuna pamba inayomsubiri. Ukimwondolea mtu kazi yake, uamuzi wake wowote utaonekana ni ujinga, maana umeshakifuta kilichokuwa upande wa pili wa mzani.

Malampaka, kwa asiyepajua, ni mji mdogo wilayani Maswa, mkoa wa Simiyu, juu ya ile reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza. Mkoa wenyewe ni wa juzi tu, ulimegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, makao makuu yake Bariadi. Pamba ni ya zamani kuliko mkoa. Mvua ikikaa vizuri watu wanapanda Novemba na Desemba. Januari mpaka Machi ni palizi na kupulizia dawa. Kuanzia Mei au Juni ni kuchuma, kuchambua, kubeba mpaka kwenye mizani ya chama, na kusubiri hela. Katikati hapo kuna mahindi, mtama, mpunga kwa wenye mbuga, na ng'ombe ambao hawana likizo. Sasa zitafute wiki sita humo. Nilipokaa na kuhesabu kwa vidole, nikiwa mjini tena nimeshachelewa, niliona kwamba Septemba na Oktoba zingefaa. Lakini Septemba hela ya pamba imeshagawanyika: deni la dawa ya pamba, deni la duka, ada, mahari ya kijana. Miezi yenye siku haina hela, na miezi yenye hela haina siku. Baba mkubwa hakuwa anatania hata kidogo. Alikuwa anauliza swali la kalenda.

Na tazama neno hilo, dawa. Sisi Kiswahili chetu kinalitumia kwa kila kitu. Dawa ya hospitali, dawa ya kienyeji, dawa ya mvuto, dawa ya mbu, dawa ya pamba. Nyumbani kwa baba mkubwa, chupa ya dawa ya pamba na karatasi ya vidonge vya maumivu vyote vilichomekwa pale pale kwenye paa, juu ya mlango, watoto wasifikie. Anavaa bomba mgongoni, anapulizia tangu alfajiri kabla upepo haujaamka, miguu peku, mdomoni hana kitu. Akimaliza anahisi kichwa kinazunguka, anapewa maziwa ayanywe "yaue sumu". Ngiri inauma kwa sababu bomba likijaa ni zito. Kwa hiyo anameza vidonge viwili vya dukani ili aweze kubeba dawa ya pamba ili apate hela ya dawa. Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo kwa namna nyingine, nimeshindwa.

Hapo ndipo Hussein anapoingia.

Tunapomfundisha Kinjeketile tunakimbilia maji. Je, maji yalikuwa kweli au uongo? Kinjeketile ni nabii au ni mwanasiasa? Ni maswali mazuri, na mwandishi mwenyewe ameyatega. Ila mchezo hauanzi na maji. Unaanza na wanawake wanaozungumza juu ya njaa. Chakula kimekwisha, na wanaume hawana nafasi ya kulima mashamba yao wala kuwinda, kwa sababu siku zao zimechukuliwa na shamba la Bwana Kinoo. Yaani kabla ya neno la mganga, Hussein ametuwekea jukwaani upungufu wa siku. Watu wa Rufiji na Umatumbi hawakukaa tu wakapenda ushirikina. Walilimishwa pamba kwa viboko, na historia inatuambia kwamba vita vyenyewe vilianza Julai 1905 kwa kung'oa miche ya pamba kule Nandete. Ni pamba ileile, mmea uleule unaofunga baba mkubwa kanga kiunoni miaka mia moja na zaidi baadaye, ingawa hapa kwetu hakuna mnyapara anayeonekana kwa macho.

Ukiisoma tamthilia kutokea pale mwanzo, maji yanapata maana nyingine. Fikiria sifa za dawa ile. Haihitaji ulale kitandani. Haikwambii urudi wiki ijayo na vipimo. Inatolewa mara moja, kwa wote, na ukishaipata unarudi kwenye shughuli yako ukiwa na nguvu zaidi. Ni dawa iliyokatwa kwa kipimo cha mtu asiye na siku. Mimi sisemi kwamba Hussein alikusudia hivyo. Nasema mchezo unaruhusu usomaji huo, na unaruhusu kwa sababu mwandishi alikuwa makini kutuonyesha njaa kabla ya kutuonyesha imani.

Nina malalamiko yangu, hata hivyo. Baada ya mwanzo ule mzuri, mchezo unahamia kwa wanaume wenye hoja. Kinjeketile na Kitunda wanabishana juu ya neno, juu ya umoja, juu ya nani anamtumikia nani, na ni mabishano makali yenye kufikirisha, lakini sauti za mwanzo, zile za kuhesabu chakula kilichobaki, zinafifia. Mwisho Kinjeketile anakataa kuyakana maji mbele ya Wajerumani kwa sababu anafikiria vizazi vijavyo. Sawa, ni mwisho mkubwa. Ila mimi kila nikiufikia najiuliza juu ya wale wanawake: wamekula nini siku hiyo? Vita vya Majimaji viliua watu wengi mno kwa njaa, kuliko hata kwa risasi. Mchezo ulioanza jikoni haukurudi jikoni.

Shafi Adam Shafi katika Kuli, riwaya ya 1979 iliyojengwa juu ya mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948, anabaki na mwili wa mfanyakazi kwa muda mrefu zaidi: mabega, migongo, magunia. Ni kitabu kingine kinachostahili makala yake, sitakigusa zaidi ya hapo.

Nimfikie Kitereza. Kisa cha kitabu chenyewe kinajulikana: aliumaliza mswada kwa Kikerewe mwaka 1945, ukakosa mchapishaji, akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ukatoka 1980, mwaka mmoja kabla hajafa. Kisa cha ndani ni rahisi mno. Mume na mke wanapendana, hawana mtoto aliyeishi. Ndugu wa mume wanamsema mke. Wazazi wa Bugonoka wanamchukua binti yao. Myombekere anakwenda kumwomba, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, anaipika, anampata mkewe, wanakwenda kwa mganga Kibuguma, na baadaye wanazaa Ntulanalwo, kisha Bulihwali. Kurasa mia kadhaa kwa kisa cha aya moja. Kila salamu imeandikwa. Kila mtungi. Nilipokuwa chuoni niliruka kurasa nyingi na nikasema ukweli mbele ya darasa kwamba kitabu kinachosha, mhadhiri akacheka.

Bado kuna sehemu zinachosha. Kitereza anaweza kusimamisha hadithi ili akufundishe namna ya kufanya jambo fulani, na hana haraka ya kurudi. Lakini safari hii urefu ule ulinishika pabaya. Hebu angalia kinachotokea Bugonoka anapoondoka: Myombekere anahangaika na kazi za nyumbani, anagundua kwamba mwanamume peke yake hawezi kuiendesha kaya. Halafu angalia faini: haiwezekani kwa siku moja. Ndizi ziive, watu waitwe, kuni, maji, mitungi, wabebaji. Safari ya kwenda kutafuta tiba nayo ina mambo yake. Kitereza hakuwahi kukutana na neno "gharama zisizo za moja kwa moja" ambalo wataalamu wa afya wanalipenda, lakini ameziandika zote, moja moja, kwa majina ya vitu. Ugonjwa katika riwaya hii hauko ndani ya mwili wa mtu mmoja. Uko kwenye ratiba ya watu kumi.

Na watu hao wana siku. Hiyo ndiyo tofauti. Myombekere si tajiri wa kupindukia, ni mkulima mwenye ng'ombe na migomba, lakini hakuna Bwana Kinoo, hakuna mizani, hakuna msimu wa mnunuzi. Ulimwengu wa riwaya ni wa kabla ya hayo yote. Kwa hiyo wanaweza kujitibu kwa urefu unaohitajika. Kitereza aliuandika ulimwengu huo miaka ya arobaini, wakati pamba na kodi vilishaingia kanda ya ziwa, na nadhani ule utulivu wa kila ukurasa ni wa mtu anayeandika kitu kinachoondoka mbele ya macho yake. Hapo ndipo pia namlaumu kidogo. Anaupenda mno. Watu wanakufa katika kitabu chake, watoto wanakufa, na bado kuna ulaini fulani juu ya kila kitu. Na mzigo wa kutibiwa na wa kusemwa unamwangukia Bugonoka zaidi, jambo ambalo mwandishi analiona lakini halimkasirishi kama linavyonikasirisha mimi.

Mwaka jana nilikwenda Malampaka na kile kitabu, juzuu ya kwanza, nikamsomea baba mkubwa jioni baada ya chakula. Tulikula ugali wa mtama na nsansa, taa ya sola ikiwa imening'inizwa kwenye mti. Nilichagua sehemu ya faini. Alicheka sana, akampa Myombekere ushauri kwa sauti kana kwamba yupo pale. Akauliza maswali ambayo hakuna mhakiki niliyemsoma aliyeyauliza. Ng'ombe anachunga nani huyu bwana akisafiri? Huyo mganga alilipwa kabla au baada? Hilo la pili lilizua mjadala na mama mkubwa, kwa sababu huku kwetu waganga wengi wanapokea kitu kidogo cha kuanzia, kuku au shilingi elfu kadhaa, na ng'ombe ni baadaye, mtu akishapona. "Hospitali wanataka hela wakati unaumwa," alisema mama mkubwa. "Nfumu anaitaka wakati umepona. Sasa wewe mwenye kusoma, mtu anakuwa na hela wakati gani?"

Sikuwa na jibu. Nchi hii ilianza kuchangisha wagonjwa mwaka 1993, nikiwa mtoto mdogo, kwa hiyo sijawahi kuishi katika Tanzania ambayo swali hilo halipo. Kulikuwa na mfuko wa afya ya jamii, ule ulioboreshwa ulikuwa shilingi elfu thelathini kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Kaya ya baba mkubwa ina watu kumi na moja. Kuna sheria ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023, na mimi ni mmoja wa walioiandika kwa furaha gazetini. Lakini swali la mama mkubwa lilikuwa la wakati, kwamba ugonjwa una msimu wake na hela ina msimu wake, na kwamba mganga, hata akiwa tapeli, ameijenga biashara yake juu ya msimu wa hela. Nadhani ndiyo maana igizo la redio halimwezi. Linamshambulia kwa upande wa imani, yeye nguvu yake iko kwenye mkopo.

Halafu kuna jambo ambalo igizo lile haliwezi kabisa kulieleza. Mama mkubwa huyuhuyu, ambaye anaamini mambo ambayo sitayaandika hapa kwa heshima yake, hajawahi kukosa kliniki ya mtoto. Wote walichanjwa. Kadi zao zipo kwenye sanduku la bati, pamoja na picha ya harusi. Alikuwa anaamka usiku, anatembea, anapimisha, anarudi mchana na kushika jembe. Kama tatizo ni imani potofu, imani hiyo inalala siku za kliniki? Kliniki ilikuwa asubuhi moja, siku inayojulikana, bila malipo. Iliingia kwenye kalenda ya mtu anayefanya kazi. Operesheni ya ngiri haikuingia.

Nikumbushe na Loliondo, maana wasomaji wengi wa hapa walikuwepo. Mwaka 2011, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, Babu, alitoa kikombe cha dawa ya mizizi kijijini Samunge kwa shilingi 500. Magari yalitoka nchi nzima na nje ya nchi, foleni ikafika kilomita nyingi, wengine walifia njiani. Wapo walioacha dawa zao za hospitali, na wapo waliokufa kwa kuziacha. Nilikuwa chuo wakati ule, na tuliandika mashairi ya kejeli juu ya kikombe, tukashangiliwa ukumbini. Hakuna aliyeandika kuhusu ile bei kwa namna nyingine zaidi ya kucheka. Watu walilipa nauli kubwa kuifikia dawa ya shilingi 500, kwa hiyo urahisi wa bei peke yake hauelezi kitu. Kilichouzwa pale, nadhani sasa, ni neno "moja". Kikombe kimoja. Mara moja. Umwa kisukari halafu uambiwe unywe mara moja urudi shambani, wakati kliniki inakwambia vidonge kila siku mpaka ufe, na kila mwezi urudi. Wenye magari ya kifahari nao walikwenda, najua, kwa hiyo umaskini si maelezo ya kila kitu. Lakini mtu wa gari la kifahari alikuwa na mahali pa kurudi baada ya kikombe kushindwa.

Ngiri ya baba mkubwa ilijikaba usiku mmoja wa Februari, palizi ikiwa katikati. Mimi nilikuwa Dar. Walimpakia kwenye bodaboda akiwa katikati ya watu wawili, kisha gari la kukodi. Walimpasua alfajiri na akapona. Familia iliuza maksai wawili, wale wa jembe, kwa bei ya mtu anayeuza usiku. Zile hotuba zangu za miaka sita hazikuwahi kutaja maksai. Msimu uliofuata walikodi ng'ombe wa jirani, wakalima wamechelewa, na pamba ikatoka hafifu. Wiki ya tatu baada ya operesheni nilimpigia simu mchana, simu ikapokelewa na mtoto: babu yuko shambani. Nikakasirika. Nikaanza hotuba. Mtoto akasikiliza kwa adabu kama babu yake, halafu akasema salio lake linakwisha, wakati aliyepiga ni mimi.

Ningependa kusoma riwaya ya Kiswahili yenye wiki hiyo ya tatu ndani yake. Sitaki mganga, sitaki nesi anayejua kila kitu. Nataka mwanamume mwenye mshono, amesimama ukingoni mwa shamba akitazama magugu, na mwandishi mwenye subira ya Kitereza ya kuhesabu kila tuta, na hasira ya Hussein ya kujua tuta lile ni la nani. Tunao waandishi wazuri wa mjini siku hizi, tena wengi, na ninawasoma. Mkulima akitokea kwenye vitabu vyao, mara nyingi ni mzazi anayepigiwa simu.

Kitabu nilikiacha kulekule. Baba mkubwa haoni vizuri maandishi madogo, lakini kuna mjukuu wa darasa la sita anayemsomea. Majuzi amenitumia ujumbe, kwa simu ya mtoto huyohuyo, kwamba wamefika mahali Bugonoka anarudi nyumbani kwa mumewe na anataka juzuu ya pili. Niilete Agosti, amesema, kabla hela haijaisha, na nikiweza nije na vidonge vya maumivu, vile vya Malampaka vimepanda bei.